Mama Fupisha

Siku ile naikumbuka mpaka kanga niliyojifunga, mwanangu. Ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa mwenyekiti wa mtaa wetu huku Mbagala. Mvua ilikuwa imebomoa mtaro, maji yameingia majumbani, na ofisini kwangu watu wamejaa hadi mlangoni, kila mmoja na lake.

Watu walikuwa wamenipachika jina la Mama Fupisha. Mtu akianza kunieleza shida yake, kabla hajafika popote namkata: "Fupisha baba, wenzio wanangoja." Jina lenyewe nililipenda. Nilidhani wananisifu kwa uchapakazi, kumbe walikuwa wananiogopa.

Basi simu ikaita. Alikuwa mjomba wangu wa Kimbiji, aliyekuwa akiishi na mama yangu. Nawe unawajua wazee wetu wa pwani: habari mbaya hawakutupii usoni, wanakukalisha kwanza kwa salamu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Na hizo mvua je?"

"Hatujambo. Huko salama?"

"Salama tu, ila..."

"Kama salama basi mjomba, nitakupigia jioni. Mie nina watu hapa."

Nikakata. Ile "ila" yake niliisikia, mwanangu, nisikudanganye. Niliisikia, nikaona itanichelewesha.

Hakupiga tena. Saa nane mchana, nikiwa bado nafokeana na watu juu ya mtaro, ukaingia ujumbe wake: "Mama amefariki." Maneno mawili basi. Mjomba wangu, ambaye hata akija kuomba chumvi huanza na habari za watoto, safari hii alikuwa amefupisha.

Barabara ya Kimbiji siku ile ilikuwa tope tupu. Nilifika mama keshaoshwa, keshavikwa sanda. Nikamfuata mjomba uani, na badala ya kumpa pole nikamfokea, maana hata msibani hasira yangu haikuniacha. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia mara ya pili.

Akanitazama bila ukali wowote. "Mwezi uliopita nilikupigia mara mbili, ukanigombeza kwamba nakusumbua kazini. Leo nimekaa na simu mkononi natafuta namna ya kukufupishia. Mama yako alikuwa anakuulizia. Hilo ningelifupisha vipi? Nikaona nimwambie tu kwamba uko njiani."

Nikaingia ndani, nikakaa kando ya mama.

Nimejichunguza miaka mingi tangu siku ile. Asubuhi ile sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana yake, usingizi nilikuwa nimeupata kidogo mno, na moyoni nilikuwa na hofu kwamba mtaro utanishinda na watu wataona sifai. Njaa, uchovu na hofu, vyote nikaviita kazi nyingi. Na hasira ya namna hiyo, mwanangu, haimwangukii mkubwa mwenzio. Inamwangukia asiyeweza kukujibu, au anayekupenda kiasi cha kukuvumilia.

Sasa wewe nawe umepewa watu wa kuongoza, na tangu umekuja kunitembelea nakusikia hapo barazani unavyowakatia maneno kwenye simu. Jana ulimkatia hata dada yako, nami nikanyamaza, ila usiku sikulala vizuri. Ndiyo maana nakueleza haya niliyokuwa nikiyaficha. Ukihisi moto unapanda, kaa chini, unywe maji, ujiulize umekula lini na unaogopa nini. Mtu akisema "ila", mngoje amalize, hata kama mlangoni wamejaa. Na kama kweli huna nafasi, mwambie saa utakayompigia, kisha umpigie. Mie niliahidi jioni, na jioni ilipofika nilikuwa na nafasi tele, ila mama aliyekuwa akiniulizia hayupo.

Mungu akupe subira ya kusikiliza mpaka mwisho, mwanangu, na wakupendao wasiogope kamwe kukupigia mara ya pili. Haya, mpigie dada yako. Mie nitakaa hapa nikungoje.