Ng'ombe Bora wa Mjane Dorcas

Tangu Enoki azikwe Jumatatu, mkewe Dorcas hakutulia. Alitoka jikoni mpaka zizini, akarudi, akatoka tena. Alhamisi angekuja Bwana Purslow, msimamizi wa mwenye ardhi, kuchukua herioti. Pale kijijini Hopewick, mpangaji akifa, ng'ombe wake bora huenda kwa bwana mwenye ardhi.

Zizini walikuwa wawili. Dachesi alikuwa mnene, anang'aa, lakini tasa. Cheri alikuwa mbavu nje, pembe moja imevunjika, na maziwa yake ndiyo yaliyolisha wajukuu watatu.

"Shemeji, nipe Cheri nimfiche kwangu," Silasi, mdogo wake Enoki, alimwambia. "Bora ni mwenye maziwa, watamchukua huyu. Wakiuliza, sema kafa."

"Niseme uongo, na kaburi la kaka yako bado bichi?"

"Haya, basi mpe Purslow na ndoo kabisa!"

Dorcas alikwenda kanisani kuomba, sala ikamkatikia mdomoni. Karani mzee wa kanisa akamhurumia, akamweleza kwamba neno lile, herioti, ni la kale sana, na maana yake ni zana za vita. Zamani bwana alimwazima mtu wake farasi na upanga, naye akifa vikarudishwa. Panga zilipoacha kuazimwa, wakahamia kwenye mifugo.

"Enoki wangu hakuazimwa hata kisu," alisema Dorcas. "Cheri tumemlea wenyewe."

"Najua, mama. Ila desturi haiulizi hayo."

Alhamisi majirani walijaa uani. Purslow alishika fimbo yake nyeupe. Mnyama akishaguswa nayo, ndiyo basi, habadilishwi.

"Bwana Purslow, kabla hujachagua, nikwambie kitu."

"Miaka thelathini nachagua ng'ombe, mama. Leo ndio nifundishwe?"

"Sikufundishi, bwana. Huyu mkubwa..."

"Huyu mkubwa, ndiyo! Kwani sina macho?" Fimbo ikatua mgongoni kwa Dachesi.

"...ni tasa," Dorcas akamalizia.

Silasi akapasuka kwa kicheko. "Fimbo hairudi, Bwana Purslow! Si ulituambia mwenyewe, ulipomgusa farasi wa marehemu Tudge?"

Purslow aliiva uso kwa haya, akamburura Dachesi mpaka barabarani.

Dorcas alitaka kumshukuru Mungu, maneno hayakuja. Akachukua ndoo, akaketi ubavuni kwa Cheri. Alikamua kwa pupa hata maziwa ya kwanza yakamwagikia kiatu.