Yai Alilobakisha Zamfira

Mke wangu Zamfira anaandika mayai ya Pasaka: anachora kwa nta ya moto, kisha anayachovya rangini. Huku kwetu Bukovina ndivyo tunavyosema, kuandika, na mgeni akija akasema "kupaka rangi", Zamfira humtazama kama mtu aliyeingia kanisani na kofia kichwani. Nimeishi naye miaka arobaini na sita. Kila Kwaresima meza yote ni mayai, nta na vikombe vya rangi, na mimi mwenye nyumba nala ugali wangu pembeni kabisa, naogopa hata kupiga chafya.

Sasa nisikilizeni, ila msitegemee nisimulie kwa adabu. Mimi nimekata misonobari maisha yangu yote, adabu niliiacha msituni.

Mwezi wa Novemba alikuwa anakamua ng'ombe. Nikamsikia ng'ombe analia, nikatoka na hasira zangu, nikisema huyu mwanamke kaenda kupiga soga na Glicheria, jirani yetu, kamwacha mnyama wa watu. Kumbe yupo pale pale. Amekaa chini kwenye maziwa yaliyomwagika, mdomo umekwenda upande, ananitazama. Kiharusi. Mguu ulirudi kabla ya Krismasi. Mdomo nao ukarudi na maneno yake yote, na mengine ya nyongeza. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Kuinuka uliinuka, mlango ulisukuma, lakini vidole havikukubali kushika kitu kidogo. Kifungo cha gauni, hapana. Kijiko, kwa shida. Kalamu ya nta, ambayo ni kijiti tu chenye mdomo wa shaba mwembamba kama sindano, hiyo usiseme.

Kila Jumanne alikuja Bi Oltea, binti wa mazoezi kutoka hospitali ya mjini. Alimpa unga wa kukanda, vibanio vya nguo vya kubana kwenye ukingo wa kikombe, na bakuli la maharagwe.

"Moja moja, mama," alimwambia. "Kidole gumba na cha shahada. Toa humu, tia humu. Mkono utakumbuka taratibu."

"Mwanangu, mkono huu hata jina langu hauli­kumbuki," Zamfira akamjibu.

Siku ya kwanza aliokota harage moja kwa dakika kumi, nalo likamponyoka likaingia ndani ya kiatu changu. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kichwa chake kama mnyapara.

"Shika basi!" nikamwambia.

"Nashika!"

"Hushiki!"

"Mimi nashika! Mkono ndio haushiki!"

Nikatoka nje kupasua kuni. Majira yale ya baridi nilipasua kuni za miaka mitatu. Ningefanya nini kingine? Mti ukinishinda namwita mwenzangu, tunafunga kamba, tunavuta. Kidole cha mke wangu ningekifunga kamba gani?

Na tatizo halikuwa maharagwe. Tatizo lilikuwa Pasaka.

Kwetu, watu wanaogonganisha mayai asubuhi ya Pasaka wataonana Ahera. Ndivyo mama zetu walivyotuambia, na padri hakubali wala hakatai. Zamfira yeye aliongeza sheria yake: yai lazima liwe limeandikwa kwa mkono wake. Zamani, bado vijana, niligonga yai la Glicheria kwa utani tu. Hakunisemesha mpaka Jumatano. "Nenda tu," alisema aliponisemesha. "Ukifa ukamtafute Glicheria. Na akupikie yeye."

Mayai yetu mawili huandikwa kitu kimoja kila mwaka, njia iliyopotea. Ni mstari mmoja unaozunguka yai, unapinda, unarudi nyuma, kisha unakuja kukutana na mwanzo wake. Usipokutana, roho inazunguka tu bila kufika. Mwaka jana yai langu lilishinda, la kwake likapasuka, langu likabaki zima, nikaliweka rafuni chini ya picha takatifu. Kwa hiyo mwaka huu lilihitajika moja tu, la kwake. Moja! Mwanamke aliyekuwa anaandika mia tatu.

Mimi si mtu wa kuamini sana mambo haya. Lakini ukikaa na mtu miaka arobaini na sita, jambo kama hilo hutaki kubahatisha. Nina miaka sabini na nne. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyoogopa mti wowote.

Mwezi wa Machi Bi Oltea aliizungushia kalamu vitambaa na uzi mpaka ikanenepa kama gunzi la mahindi, Zamfira akaweza kuifumbata. Watu hudhani kalamu ndiyo inayotembea. Sivyo. Kalamu inatulia, yai ndilo linalozunguka mkononi. Mkono wake wa kushoto ulizungusha vizuri, ila wa kulia haukutulia. Ulitetemeka, ukachoka, ukaangusha kalamu, nta ikamwagika, yai likapasuka. Na sisi tuko kwenye mfungo, yai haliliwi! Mayai yote yalikwenda kwa nguruwe. Nyumba nzima tulishinda na maharagwe na kabichi chachu, nguruwe peke yake ndiye aliyekula kama askofu.

Glicheria akaja siku moja, akatazama, akatikisa kichwa.

"Dada, nipe nikuandikie mimi. Huyu mzee wako hata hatajua."

"Huyu hatajua," Zamfira akasema. "Mimi nitajua."

Wiki mbili hivi kabla ya Pasaka likapatikana yai moja lililokubali. Siku nane alikaa nalo. Kila siku mstari ulisogea upana wa kidole, halafu mkono unakataa, analaza kalamu. Mstari wenyewe ulikwenda kama ng'ombe aliyekula plamu zilizochacha, lakini ulikwenda. Mimi nilikuwa nimekatazwa kusema neno. Nilikaa kwenye benchi karibu na jiko, natafuna masharubu yangu.

Jumatano Kuu, jua bado lipo, akasimamisha kalamu. Nikasogea kuangalia. Kati ya mwisho wa mstari na mwanzo wake ilibaki nafasi ndogo, punje moja ya ngano.

"Malizia!" nikamwambia.

"Kesho."

"Zamfira, ni hapa tu!"

"Naona ni hapa tu, mimi si kipofu. Kesho, mkono ukiwa umepumzika. Hako kadogo nakaachia kesho."

Na akacheka. Tangu Novemba sikuwa nimemwona akicheka hivyo. Akaenda kujilaza kabla ya chakula cha jioni.

Nikabaki mimi na lile yai. Na akili yangu hii ya msituni ikaanza kazi. Je, kesho mkono ukigoma? Je, akitetemeka, nta ikachuruzika juu ya kazi ya siku nane? Hakuna tena siku nane nyingine, Pasaka hiyo hapo. Gavril, nikajiambia, msaidie mkeo. Nikachovya kalamu kwenye nta ya moto. Nikagusa mara moja tu. Nta ikakaa pale nene, imevimba kama kupe, lakini mstari ukakutana. Nikalirudisha yai mahali pake. Nikaona nimefanya jambo la maana, mpumbavu mimi. Nilikula chakula kwa raha siku ile.

Alhamisi asubuhi alinawa, akavaa gauni safi, akaniita nimfunge kitambaa cha kichwa kama kawaida. Akapasha nta, akafumbata kalamu, akashika yai kwa mkono wa kushoto. Akalizungusha. Akalizungusha tena, taratibu, akalisogeza dirishani.

"Mzee, ile nafasi iko wapi?"

"Nafasi gani?"

"Niliyoibakisha jana."

Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

"Si ulimaliza jana," nikajibu.

"Nilimaliza?"

"Eeh. Ulimaliza."

Akalaza kalamu mezani. Rangi yote ikamtoka usoni. Mkono wake wa kushoto ukaukamata ule wa kulia, ukaubana kifuani.

"Gavril," akasema polepole, "sikumbuki. Nakumbuka nilikuambia kesho. Sikumbuki kumaliza." Akaitazama ile kalamu mezani. "Inarudi. Bi Oltea alisema inaweza kurudi. Safari hii imeanzia kichwani. Gavril, kichwa changu kinaondoka."

Nimemwona amekaa kwenye maziwa, mdomo umepinda, na hakuwa na uso ule. Mungu anisamehe, kwa uongo wa maneno mawili nilimtia hofu ambayo kiharusi chenyewe hakikumtia.

"Ni mimi," nikasema. "Kichwa chako ni kizima. Niliufunga mstari mimi, ulipolala."

Nilingoja matusi. Matusi ya Zamfira yanajulikana mpaka ng'ambo ya mto, nami niliyataka, niliyahitaji. Hayakuja. Nje Glicheria alikuwa anaita kuku wake, tulimsikia mpaka akamaliza.

"Miezi mitano," akasema mwishowe. "Unanifunga vifungo. Unanivisha soksi. Unanikatia mkate kama mtoto. Nimesema kitu? Sijasema. Hako kamoja tu, Gavril. Kalikuwa kangu."

"Nilitaka kusaidia."

"Najua. Ndiyo maana hata kukutukana siwezi."

"Nitakwangua! Nakwangua sasa hivi, kwa kisu kidogo, na utaandika wewe."

"Ukikwangua, mafuta ya nta yanabaki, rangi haishiki. Alama yako haitoki hapo, uikwangue usiikwangue. Kaa chini."

Nikakaa. Ningekwenda wapi? Hata kuni za kupasua zilikuwa zimekwisha.

Alilichovya lile yai katika rangi nyekundu, maana chakula cha Pasaka hakitupwi. Akalipasha karibu na jiko, akafuta nta kwa kitambaa. Mstari ukatokea mweupe, umepinda, unatetemeka, na mahali pamoja kuna doa nene. Nililiona doa lile kabla ya kuona mstari, na kila aliyeingia nyumbani siku ile aliliona, ingawa watu ni waungwana, walisifu.

Jumapili ya Pasaka tulirudi kanisani asubuhi na kikapu kilichobarikiwa. Nikakata mkate mtamu, nikaweka chumvi, nikashusha yai langu la mwaka jana kutoka rafuni. Zamfira hakugusa lile jekundu. Alitoa kikapuni yai jeupe, la kuchemshwa tu, halijaona rangi wala nta.

"Na lile lingine?" nikauliza.

"Lile ni letu wawili. Liweke rafuni. Hili ni langu."

Akaliweka mezani mbele yake. Mkono wa kushoto akauficha chini ya aproni. Wa kulia akaupeleka kwenye yai, ukafika, vidole vikalizunguka bila kulishika. Yai likabiringika likagonga mkate. Akalifuata kwa mkono ule ule. Kidole cha mwisho kikajikunja. Cha pete kikajikunja, kikanyooka. Mchuzi ulipoa sahanini. Mkono wangu wa kulia ulishika yai langu, ule wa kushoto niliukalia, naam, niliukalia kwa makalio yangu kwa sababu sikuuamini. Sikusema shika, sikusema pole.

Kidole gumba kikaja mwisho kabisa. Yai likainuka juu ya meza, kimo cha kikombe, linatetemeka.

"Gonga," akasema. "Na usinihurumie. Nitajua."

Haya, niambieni ninyi. Nikigonga kwa nguvu, litamruka mkononi. Nikigonga kwa huruma, atajua. Nimeangusha miti ya mita thelathini nikajua mpaka kijiti itakachokilalia, na hapo sikujua nifanye nini na yai moja.

"Kristo amefufuka," nikasema.

"Hakika amefufuka. Gonga, mzee, mkono unachoka."

Nikagonga. Lake likapasuka kichwani, ufa mwembamba. Halikuanguka. Alilishika hivyo hivyo, akaniangalia.

Ningetakiwa kufurahi, lakini mimi niliona weupe wake tu, hakuna mstari, hakuna chochote.

"Zamfira," nikamwambia, "yai hili halina njia. Huko tutaonanaje?"

"Mimi nitakaa mahali pamoja," akasema. "Wewe ndiye utakayenitafuta."

Halafu akanisogezea lile yai juu ya meza.

"Haya, nimenyee. Hilo bado siwezi."

Nikammenyea.