Orodha Niliyobandika Ukutani

Mimi ndiye niliyebandika ile orodha, wala simsingizii mtu. Juzi niliingia duka la vifaa vya michezo huku mtaani Olaya, nikanusa glavu mpya ya ngozi, na muundi wangu ukaanza kuuma wenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa. Sisi watoto wa wafanyakazi wageni wa mtaa wa Hindawiya, kule Jeddah, tulicheza besiboli kwenye kiwanja cha vumbi. Tulikuwa tisa kamili, na msimu mzima hatukushinda hata mechi moja. Siku niliyobandika orodha ilikuwa imebaki moja tu, ya kesho yake. Baada ya hapo nahodha wetu alikuwa anarudi Mombasa moja kwa moja, maana ikama ya baba yake, kile kibali cha kuishi huko, ilikuwa imekwisha. Alitaka ushindi mmoja tu aondoke nao.

Mimi nikanakili majina ya timu za kulipwa za Marekani zilizopoteza mechi nyingi kuliko zote, nikaiweka yetu juu kabisa, nikabandika kwenye ukuta wa kiwanja.

Nahodha alisoma polepole. Kisha gongo lake la kuchezea likatua kwenye muundi wangu.

"Cheka basi," akasema, amenikalia kifuani. "Mbona hucheki, mchekeshaji?"

Alinipiga ngumi hadi jicho likafunga. Nikamng'ata sikio, damu yake ikanijaa mdomoni pamoja na vumbi. Wenzetu wakatutenganisha wakisema, "Halas, halas, yatosha."

Nyumbani nikamwambia mama kwamba sasa wamebaki wanane, hawawezi kucheza, wakome. Mama ni muuguzi. Alinisafisha bila kunipa pole.

"Jicho moja linatosha kudakia," akasema. "Kesho unacheza."