Upande wa Korongo

Baba alikuwa akinicheka mbele za watu. "Watoto wa wenzangu wanasomea udaktari, huyu wangu anasomea milima!" Wageni wanacheka, mimi nanuna, maana nina hasira za karibu tangu utotoni. Lakini wakishaondoka ananiita: "Haya mama, hebu nieleze tena." Namweleza kwamba ule ukuta wa mlima nyuma ya kijiji chetu cha Kintinku ulitokana na ardhi kupasuka; upande mmoja ukanyanyuka, sisi tukabaki chini, na tangu hapo mvua haijaacha kuukwangua. "Kwa hiyo mlima wenyewe bado unaendelea?" Bado unaendelea, baba.

Korongo lililoshuka kutoka huko mlimani lilikuwa linakula shamba letu. Siku hizi mvua hainyeshi, inamwagika. Ikija inakuja yote kwa mkupuo. Kila baada ya masika nilirudi nyumbani kupima kingo za korongo kwa ajili ya utafiti wangu, na kila mara zilikuwa zimesogea kuelekea kaburi la mama. Nikamwambia baba tumhamishe. Akakataa. Nikampigia kelele, Mungu anisamehe, kwamba maji hayajui kaburi. Akanijibu taratibu, "Mama yako alichoka sana. Mwache alale."

Mwaka huu baba akaugua kifua. Niliporudi kumuuguza, hata shikamoo yangu hakuisubiri. Alinishika mkono akauliza kama korongo litafika kwa mama. Nikasema litafika. Ndiyo kazi yangu, ningesema nini? Akasema, "Basi mnizike upande wa korongo. Likija, linikute mimi kwanza."

Tulimzika hivyo hivyo, na roho iliniuma mno. Majirani walinong'ona: msomi gani huyu anayeacha mzazi wake alazwe ukingoni? Nikawasikia, nikameza hasira zangu. Kaka yangu, mikono bado ina udongo, akanivuta pembeni. "Wewe ndiye unayejua mambo haya. Pale baba alipolala, amemkinga mama hata kidogo?"

Jamani! Maji yakifika kwa baba, kwa mama yatafika masika hayo hayo. Mwili wa mtu hauzuii kitu. Nilimtazama kaka, machozi yakinitoka, nikamwambia, "Amemkinga sana."