Sukari ya Maharage

Ko, ko, ko, jembe la mama liligonga udongo, kisha likanyamaza. Maharage yetu pale kijijini Busunzu yalikuwa yamegeuka manjano, na chakula kingine hatukuwa nacho.

"Udongo umekuwa mchachu, mwanangu," alisema, akakaa chini palepale. "Sasa nitafanyaje?"

Juzi hapa, sasa nikiwa mtu mzima, nimemwona bwana shamba akipima udongo kwa kikaratasi, kikawa chekundu. "Udongo huu una tindikali," akasema. "Wekeni chokaa. Hata majivu yanasaidia." Majivu jamani! Sisi siku zile tulikuwa tunayamwaga nyuma ya choo kila asubuhi.

Lakini mchana ule wa utotoni mimi nilijua dawa moja tu ya uchachu, ile ya kwenye uji. Mama alipojilaza, nilichukua kopo la sukari ya wageni, nikanyunyizia kila shina kidogokidogo, mpaka ikaisha.