Karatasi ya Sun

Hapa Izimbya wananiita Mchina, kwa sababu nakunywa maji ya moto matupu. Jirani yangu Gozbert kila akipita kibanjani lazima anichokoze: "Tata Kahangwa, hata leo jani la chai limekosekana?" Namwambia apite zake. Nilikuwa fundi wa injini za meli miaka ishirini na sita, sita ya mwisho na mabaharia wa Kichina, na maji hayo nilifundishwa na Sun.

Sun alikuwa fundi mwenzangu. Hakujua Kiswahili, na Kichina changu kilikuwa cha kuokoteza. Lakini kwenye chumba cha injini nani anasikia? Tuliongea kwa mikono. Vidole viwili, silinda ya pili. Kiganja shavuni, naenda kulala. Anayeingia zamu alimmiminia maji ya moto anayetoka.

Habari ya kifo cha mke wangu Restituta ilinikuta katikati ya bahari. Sikumzika. Sun alinishikia zamu siku tatu, na mimi hata asante sikumpa. Nilikuwa na hasira na kila mwanamume mwenye mke hai.

Siku niliyoteremka Mombasa kwa mara ya mwisho, Sun alikuwa ametoka zamu, macho mekundu. Akanitia mfukoni karatasi ya Kichina, akaenda kulala. Nikajua ni anwani yake. Miaka tisa nimeitunza ndani ya kitabu cha sala cha Restituta. Watoto wako mbali, nyumba imenyamaza, na upweke huu unanikaba. Nilitaka nimwandikie Sun, nimpe ile asante kabla sijafa.

Mwezi uliopita nikasikia Wachina wanajenga barabara huko Muleba. Nikavaa koti, nikachukua kitabu cha sala, nikaenda. Dada mmoja wa ofisini kwao, Mchina anayejua Kiswahili, akaisoma karatasi, akanitazama, akaisoma tena.

"Mzee, hii si anwani. Imeandikwa: silinda ya nne inapata joto, iangalie. Mimi naenda kulala."

"Hakuna jina?"

"Hakuna."

Nusura nimfokee, maskini, naye hana kosa. Kumbe Sun alitaka nimpe karatasi Mchina mwenzake aliyekuja kushika nafasi yangu, mimi nikaondoka nayo. Bahati nzuri silinda ile niliigusa mwenyewe asubuhi ile ya kuteremka, nikaona ina moto, na yule mgeni nilimwonyesha vidole vinne.

Nikamwomba dada aniandikie kitu nyuma ya karatasi, kwa Kichina.

"Niandike nini?"

"Andika: nilimwambia. Wewe lala, ndugu yangu. Na asante kwa zile siku tatu."

Akaandika taratibu, akaniuliza tuitume wapi. Nikaikunja, nikairudisha kwenye kitabu cha sala.