Nimepima DNA ndege wa marehemu mzee, majibu yametoka, nimechoka mimi

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika nimejilaza kwenye kochi, sina hata nguvu ya kuongeza chumvi. Haya ni kama yalivyotokea.

Mzee wangu alipofariki aliacha nyumba Unyambwa, Singida, wajane wawili na lovebird wawili, wale kasuku wadogo, kwenye tundu. Wajane ni mama yangu na mama mkubwa, mke wa kwanza. Wanaishi pamoja mpaka leo.

Shida ikawa mayai. Yanajaa kiota, yanalaliwa, hayaanguliwi. Ndege mmoja alikonda kwa kutaga mpaka mfupa wa kifua ukachongoka. Mama mkubwa akawa hali vizuri kwa mawazo, maana mzee aliwalisha ndege hao kwa mkono wake kila asubuhi, na akifa huyu ni msiba mwingine.

Majirani wakaleta utaalamu wa kuku. Singida mnatujua kwa kuku. Mmoja akamning'iniza yule mnene miguu juu, akaona katulia, akatangaza ni dume.

Nikasikia kuna DNA ya manyoya, ya kujua jike na dume. Nikaokota yaliyodondoka chini ya tundu, ya wote wawili, nikayatia bahasha moja nikatuma Dar kwa basi.

Chekeni tu.

Maabara wakajibu wanataka unyoya wa kung'oa kifuani, wenye mzizi, kila ndege na bahasha yake. Tukaanza upya. Mama anang'oa, mimi nashika na kung'atwa vidole.

Majibu: wote majike.

Nikatafuta mtu mjini wa kubadilishana naye, tumpe jike mmoja atupe dume. Nikaenda nyumbani, nikawaamkia, nikaeleza.

Mama mkubwa alikuwa anachambua mlenda. "Unataka kumtoa yupi?"

"Yeyote, mama. Majike watupu hawawezi kukaa hivi hivi bila dume."

Hakuinua kichwa. "Na humu ndani dume yuko wapi, mwanangu? Unamtoa nani, mimi au mama yako?"

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilitamani kurudi mjini kwa miguu. Kweli niliona aibu, wakuu.

Hatukumtoa mtu. Tumetoa kiota tu ili wapumzike kutaga. Aliyekonda ameanza kujaa, na jioni wanalala kwenye kijiti kimoja wamebanana.

Nilichojifunza: pima mapema, ng'oa unyoya usiokote, na usiwaambie wajane wawili kwamba majike hawawezi kukaa peke yao.

Mwenye majike watupu anijuze, bila kiota wataacha kutaga moja kwa moja? Mama mkubwa ameshauliza, na sina hamu ya kurudi kule na jibu nusu.